Mtoto Anaitwa Ndala

Jumatatu, 4 Agosti

Mie Nurdin ndo MC mkali kuliko wote waliowahi kushika maiki, kuanzia Mbagala mpaka ufike Msumbiji. Halina mjadala. Nikianza kutema mistari ya singeli, mitambo ya gesi kule Kinyerezi inajipunguza yenyewe isije ikanizidi kelele. Bibi mmoja wa Charambe alitupa mkongojo akacheza mpaka wajukuu wakamkamata. Na hapo shule niliishia kidato cha pili! Ningemaliza — serikali ingenisajili kama silaha.

Haya, habari. Nimekuwa mjomba tena. Dada yangu Mauwa kajifungua jana mtoto wa kiume, leo wamerudi nyumbani hapa Chamazi na bajaji. Rangi yangu. Pua ya shemeji Revelian — pua ya Kihaya, imefika duniani kabla ya mwenyewe. Nimelisema hilo kwa sauti, watu wote wamecheka. Mauwa hajacheka.

Mauwa kicheko kilimwisha siku nyingi. Anamshika mtoto kama mtu aliyeazima kitu na mwenyewe yuko mlangoni anakidai. Simlaumu. Huyu wa tatu. Wa kwanza aliitwa Fanaka, wa pili Tunu. Majina matamu! Wote walichemka mwili, wote wakapelekwa hospitali wakalazwa, wote wakarudi wamefunikwa kanga. Tunu hata arobaini hakufikisha.

Jioni kaniita Bibi Mwajabu. Bibi ni mama yake mama, na ndo rais wa nyumba hii, maana mama mwenyewe yuko Masasi na mikorosho yake. Nimemkuta uani anachambua mchicha. Hakunitazama.

— Mjomba mtu, jiandae. Huyu utamtupa wewe.

Kutupa! Nimecheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshaelezwa. Naandika nisije nikachanganya, maana Bibi akisema mara moja ndo imetoka.

Kwetu kusini, sie Wamachinga, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndo mwenye neno. Hilo nalijua, huwa najidai nalo. Ila hili jingine ni la ukoo wake Bibi peke yao. Mama akifiwafiwa na watoto, anayefuata hapewi jina zuri. Siku kitovu kinapodondoka, mjomba anambeba alfajiri, peke yake, mpaka jalalani. Anamlaza juu ya taka. Anampa mgongo, anasema: “Nimetupa, sina haja naye.” Anatembea kidogo. Halafu anageuka kama mpita njia, anaokota. Kitu cha kwanza alichokiona pale kwenye taka, ubavuni kwa mtoto, ndo jina. Asiwepo wa kutazama. Akirudi nyumbani, mama anamnunua mtoto kwa kiganja cha unga. Basi — mauti hayaokoti takataka. Ndo mahesabu yao.

Na aliyetupa anafungwa! Mpaka arobaini anatakiwa alale nyumba moja na mtoto, asivuke barabara ya lami. Na mtu yeyote asimwite mtoto jina zuri, wala kumsifia, mpaka siku hiyo.

Nikamuuliza Bibi, kwa hiyo yule mjomba wake mama, Mjomba Gunzi —

— Eeh. Lilikuwepo gunzi la muhindi pale. Na Gunzi kawazika wenye majina yao mazuri wote, akafa uzee wake akiwa na meno.

Shemeji Revelian alikuwepo, katoka zamu kule mitamboni Kinyerezi, bado kavaa buti zake. Mtu mpole huyu, anaongea kama anaomba ruhusa. Kasema marehemu baba yake aliitwa Mwesigwa, na alitamani sana... Mauwa kamkata.

— Baba Fanaka, wawili tuliwapa majina mazuri. Wako wapi?

Shemeji kainama akaanza kufungua kamba za buti. Kafungua, kafunga, kafungua.

Habari kubwa sasa! Salumu kaja mbio. Salumu ni DJ wangu, yaani yeye anabonyeza, mie naua. Tumepata shoo Tandika, Jumamosi ya tarehe 23. Jukwaa la mbao, si la kreti za soda! Jina langu kwenye bango! Nikamwambia kuna ishu ya kutovuka lami. Kasema, kaka, si uko mjini? Nikamjibu nitapanda bodaboda — lami itavukwa na tairi, sio mie. Tumecheka mpaka Bibi akatufukuza uani.

Jumapili, 10 Agosti

Tayari. Kitovu kimedondoka jana, leo alfajiri nimekwenda nimerudi. Nimefanya kila kitu kama nilivyoambiwa. Fundi ni fundi tu.

Anaitwa Ndala.

Bibi kauliza ndala ya namna gani. Nikasema ya bluu, mguu mmoja, imelala kifudifudi. Kaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonja chumvi ikakaa sawa. Mauwa kaja na unga mkononi, kanipa, kampokea mtoto. Halafu kanishika mkono, hakuniachia. Unga wote umenimwagikia. Baadaye kalala mchana kutwa. Tangu ajifungue hajalala hivyo. Nimemsikia akikoroma! Bibi kasema mwacheni, anawalilia wale wawili kwa pua.

Mie nimerudi mguu mmoja peku. Mbwa wa jalalani, mshenzi, kakwapua ndala yangu kakimbia nayo.

Sitaki kuandika zaidi. Nimechoka.

Jumanne, 12 Agosti

Jina limefika mtaani kabla ya mtoto. Maoni ni mengi kuliko watu.

Wa kwanza Mzee Mwinshehe, fundi viatu hapo jirani. Mzaramo, mtani wetu, ruhusa anayo. Nimepita, nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba hajaitoa bado, tayari anacheka.

— Nasikia mmepata ndala! Akipata tundu mlete, nitamshona bure. Ila mwenzie wa kulia yuko wapi? Nyie Wamachinga, hata mtoto mnachukua mguu mmoja!

Nikamwambia bora sie tumepata mguu mmoja, nyie mkizaa mnapata soli tupu. Kafurahi, kanipa kahawa. Halafu kaangalia miguu yangu.

— Na zako ziko wapi? Za bluu zile, nilizokutilia kamba juzi?

Nikamwambia mbwa. Nikaaga. Mzee ana macho kama sindano yake.

Wa pili ni Sista Flaviana, yule mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Kaja kumpima mtoto, katoa simu ajaze taarifa. Jina? Ndala. Hapana, anasema, la kujaza, sio la kudekeza. Ndala. Kamtazama Bibi, kamtazama Mauwa, kajaza. Mlangoni kaninong’oneza: kaka, huyu akifika shule watamkanyaga. Nikamwambia sista, atakayemkanyaga atateleza. Kacheka mwenyewe, kaniambia nina mdomo.

Watoto wa mtaani wameshatunga wimbo. Mbovu. Vina havipo. Nimewarekebishia.

Dereva bajaji wa hapa kona kasema ni bonge la jina, mtoto hatasahaulika. Muuza chipsi kasema ni laana. Shangazi mmoja wa nyumba ya pili kasema kwao walikuwa na Jembe, na Jembe sasa ni meneja. Mie namsikiliza kila mtu nacheka, nikirudi ndani nakuta Mauwa ananiuliza, wamesemaje? Namwambia wamesema ni jina baya kabisa.

Anatabasamu! Kadiri linavyokuwa baya ndo anavyotabasamu.

Jumapili, 17 Agosti

Leo kaja mama mkwe wake Mauwa, mama yake Revelian, kutoka Mbweni. Kashuka kwenye gari na mkungu wa ndizi na kitenge kipya. Tukaamkiana vizuri. Kavua viatu, kaingia.

— Haya, mjukuu wangu yuko wapi?

— Ndala kalala, mama, — Mauwa kajibu.

— Nani?

— Ndala.

Mama mkwe kageuka kaangalia ndala zetu pale mlangoni, moja moja, kama anatafuta yupi.

— Waitu! Revelian nimemsomesha mpaka chuo, aje kunizalia kitu cha kwendea chooni?

Shemeji kaangalia dari. Mie nilitaka kucheka nikajing’ata. Bibi Mwajabu akajibu taratibu, huku anamenya ndizi ya mgeni:

— Mkwe, umeshasikia wapi ndala ya chooni imeibwa? Vinavyoibwa ni viatu vizuri.

Mama mkwe akanigeukia mie.

— Na wewe ndiye mjomba? Unafanya kazi gani, kijana?

— Msanii, mama.

— Wa nini?

— Singeli.

— Ndiyo maana.

Kanikalisha chini. Kaongea nami kama mtu na mtu, hiyo nakiri. Kasema mume wake alikuwa mtu mzima aliyeheshimika, na jina lake, Mwesigwa, ni mtu wa kuaminiwa, na amelisubirisha kwa wajukuu wawili waliozikwa kabla halijawafikia. Machozi yalikuwa karibu. Kasema: wewe ndiye uliyelitoa jina hili, wewe peke yako unaweza kutoa jingine. Sema hapa sasa hivi, mbele yetu.

Wote wakaniangalia. Shemeji — nimemwona — anaomba kwa macho. Mauwa kasimama mlangoni na mtoto, kaacha kupumua. Kabisa. Kifua hakipandi.

Mie nina mistari ya kila kitu. Nina mistari ya polisi, ya wenye nyumba, ya mademu wa Kijichi. Ya hapa sikuwa nayo.

— Siwezi, mama. Mpaka arobaini.

Kaondoka hajanywa hata chai. Kasema arobaini atakuja na padre. Bibi kasema aje, ndizi zake tamu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefungwa mie. Nyumba vyumba viwili na uani. Huku nepi, huku mchicha, huku Bibi. Nikikaa nje naambiwa ingia upepo, nikikaa ndani naambiwa toka mama ananyonyesha. Simu haina bando. Mwanaume mwenye kipaji cha kimataifa kashikishwa beseni!

Na Ndala anagoma kulala mpaka nimwimbie mie. Mauwa akiimba — analia. Bibi akiimba — analia zaidi, na namwelewa. Mie nikimshusha beti polepole, singeli iliyopunguzwa mpaka ikawa kama dua, anatulia. Anashika kidole changu hiki cha shahada. Kamshiko ka kudai. Nilimwambia Salumu kwenye simu, akasema kaka, umeshakuwa yaya. Nikamwambia yaya wa kwanza Afrika mwenye mashabiki.

Nimeikuta ile ndala yangu moja iliyobaki, imekaa mlangoni katikati ya viatu vya watu. Nimeichukua nikaisukuma chini ya kitanda, mpaka mwisho ukutani.

Ijumaa, 22 Agosti

Salumu kanifuata na bodaboda. Mazoezi ya mwisho Tandika. Bibi alikuwa kalala, Mauwa anaoga. Nafasi ya dhahabu! Nikatoka. Tukafika pale kona, vumbi linapoishia na lami inapoanzia.

— Panda basi.

Nikasimama. Vidole vya miguu vinaigusa lami — imepashwa jua, moto. Salumu anaunguruma na pikipiki.

— We Nurdin! Si ulisema tairi ndo litavuka?

Nikamwambia tumbo. Kasema tumbo gani. Nikamwambia tumbo la kuendesha, linanikata. Kanitazama sana. Kasema wewe tangu nikujue hujawahi kuogopa hata polisi, leo unaogopa barabara? Kasema hata Bibi mwenyewe angekusamehe, ni shoo ya siku moja.

Anasema kweli. Mie ningekuwa mie, ningevuka. Nimeshavunja masharti ya kila aina — madrasa, shule, kwa fundi gereji. Nimerudi kwa miguu. Salumu kaniita majina yote. Hata Ndala ni zuri kuliko hayo.

Jumamosi, 23 Agosti

Maiki yangu kapewa Brightson. BRIGHTSON! Niliyemfundisha mie kupumua! Nimeona video kwa simu ya Mauwa. Kashika maiki kama mwiko wa ugali. Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta.

Sina la kuandika.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimeona kitu. Shemeji Revelian yuko mapumziko, leo asubuhi kamchukua mtoto kumwotesha jua uani. Mie nilikuwa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, nakunja suruali zangu. Hakuniona. Kaangalia huku, kaangalia huku. Kainamisha mdomo kwenye sikio la mtoto.

— Mwesigwa, — kasema. Polepole. Halafu tena. — Mwesigwa wangu.

Ndala kapiga chafya.

Nikatoka na suruali begani. Shemeji rangi ikamtoka.

— Shemeji, tafadhali. Usimwambie dada yako.

— Kwani nimeona nini mie? Nimeona mtu anamfuta mtoto sikio.

Akacheka kidogo. Tukakaa kwenye ngazi. Kaniambia yeye haamini mambo haya, ila Mauwa tangu siku ile anakula, analala, hivyo yeye hana neno. Halafu kauliza:

— Kule jalalani. Ulijisikiaje, kumweka pale?

— Kawaida.

— Mimi nisingeweza.

Nikamwambia ndo maana Mungu hakukufanya mjomba. Kasema kweli. Kanipiga begani, kanishukuru. Shemeji kanishukuru! Nikasema naenda dukani. Sikuwa na la kununua.

Jumapili, 31 Agosti

Mtoto kachemka.

Ilianza jana mchana, joto dogo tu la juu juu. Leo asubuhi ananyonya anaacha. Jioni hii haombi hata titi. Bibi kamkanda na kitambaa cha maji. Mauwa hakulia. Hilo ndo limenitisha. Kakaa tu kitandani, mtoto mapajani, anauliza kila aliyeingia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Nani kamwita jina zuri?

Bibi kasema mie sijamwita. Mie nikasema sijamwita. Kweli sijamwita. Shemeji kasimama pale pale mlangoni. Angeweza kunyamaza! Mie nilimkonyeza anyamaze. Mtu huyu hajui kusema uongo, sijui kalelewa wapi.

— Mimi, Mama Fanaka. Siku moja tu. Sikioni.

Mauwa kamvuta mtoto kifuani.

— Umemwonyesha. Alikuwa kafichwa, wewe umekwenda kumwonyesha.

Shemeji kasema twende hospitali, bajaji naita sasa hivi. Mauwa kasema: hospitali ndo iliyonichukulia wawili. Huyu haendi kulazwa. Huyu alishatupwa, hachukuliwi na mtu, mradi wewe ukae mbali naye. Toka.

Na shemeji katoka. Nyumba yake mwenyewe, kodi analipa yeye! Yuko nje kwenye ngazi, kashika kichwa. Nimempelekea chai. Kasema, shemeji, nimemuua mwanangu kwa jina la baba yangu? Mtu mwenye chuo chake, ananiuliza hilo.

Nikamwambia hapana. Sikumwambia kwa nini najua.

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi. Naandika chumbani, mlango nimeuegemea mgongo.

Sista Flaviana alipita, mie ndo niliyemtuma mtoto wa jirani akamwite. Kamwangalia Ndala, kamfunua kifua, kahesabu pumzi zake. Kasimama. Kasema mtoto mdogo hivi akichemka na kukataa titi ni hospitali, leo, sasa, hakuna mjadala wala maji ya kukanda. Kasema ikicheleweshwa hatajibu yeye. Kaita bajaji, ipo hapo nje inaunguruma. Shemeji yuko ndani ya bajaji tayari, anaogopa hata kuingia kumchukua mkewe.

Mauwa hataki. Kamkumbatia mtoto kwenye kona ya kitanda.

— Sista, asante. Lakini huyu si kama wale. Huyu ana jina. Huyu katupwa, mjomba wake shahidi.

Bibi naye kanyamaza. Bibi! Anaangalia chini. Nadhani hata yeye anataka waende, ila maneno ni yake mwenyewe, atayameza vipi.

— Nuru, — Mauwa kaniita. Ndivyo anavyoniitaga tangu utoto, Nuru. — Nuru, waambie. Si ulimlaza mwenyewe? Si ulimpa mgongo?

Wote kunitazama tena. Na mie — mdomo huu, mdomo wa Mbagala nzima —

— Nilimlaza.

Akafumba macho kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Mie nikaingia humu.

Namsikia Flaviana anabembeleza. Namsikia Mauwa anajibu kwa upole, anajibu kwa raha, maneno yangu anayatumia kama kufuli. Ndala simsikii. Jana alikuwa anakoroma kidogo akivuta pumzi. Leo simsikii.

Haya. Kwanza humu, halafu nitoke.

Alfajiri ile nilifika jalalani. Moshi. Pampasi za watu, chupa zilizovunjika, kichwa cha samaki. Kunguru wako pale wanaruka kwa mguu mmoja mmoja, hawaogopi. Nikamfunua kanga kidogo usoni. Alikuwa macho. Hakulia. Nikainama nimweke. Nikainuka. Nikainama tena. Kunguru mmoja akasogea, akaangalia. Mikono ikakataa. Mie Nurdin, ninayepanda jukwaani mbele ya mashabiki elfu wa Kijichi wanaorusha chupa — mikono ikakataa. Nikavua ndala yangu ya kushoto. Nikaitupa. Ikadondoka kifudifudi. Nikaipa mgongo, nikasema, nimetupa, sina haja naye. Nikageuka. Nikaiangalia pale, ya bluu, kamba mpya ya Mzee Mwinshehe. Sikuiokota. Mtoto alikuwa kifuani kwangu muda wote, ndani ya jaketi, nimefunga zipu.

Hakuna mbwa.

Ndo maana sikuvuka lami. Sharti la kwanza nilishalivunja, sikuthubutu kuligusa la pili. Shoo imekwenda, Brightson kachukua jina langu, nikasema basi, labda hilo litatosha kulipia.

Na shemeji anajilaumu kwa neno moja la sikioni!

Nikimwambia Mauwa, atajua mtoto hajafichwa na chochote. Ataamka kitandani hapo hapo atakwenda. Na akifika kule, na kule kukatokea kama kwa wale wawili — mimi ndo nitakuwa nimemuua, kwa miaka yake yote na yangu. Nisipomwambia, atakaa pale kwenye kona ametulia. Ametulia kabisa.

Bajaji imezimwa. Dereva anauliza kama tunakwenda au hatuendi.

Mauwa ananiita. Nuru, njoo umwimbie, kwako hutulia.

Sikumlaza. Sikumtupa. Sikuwa na haja naye — uongo, haja nilikuwa nayo, nilikuwa nayo tangu nilipoiona ile pua.

Ndala nyingine, ile ya kulia, ninayo hapa mkononi, nimeitoa chini ya kitanda. Naingia nayo. Nikishindwa kusema, nitamwonyesha.